Kunyanyua Vizito au Kukimbia: Lipi Lina Manufaa Zaidi kwa Afya?

Swali la kuchagua kati ya kunyanyua vitu vizito na kukimbia huulizwa zaidi mijini. Katika Kata ya Mbuchi, Wilaya ya Kibiti, linaweza kuonekana geni. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo hutumia moyo, mapafu na misuli kwa pamoja, na mkulima anayebeba gunia la mpunga hahitaji chuma cha kununua. Hata hivyo, maisha katika delta ya Rufiji yanabadilika. Daraja la Mbuchi limerahisisha usafiri, na pikipiki na boti za injini zimechukua sehemu ya kazi iliyokuwa ya miguu na mikono. Ni maendeleo yaliyosubiriwa kwa muda mrefu, ila mazoezi yaliyokuja yenyewe kupitia kazi sasa yanapaswa kutafutwa kwa makusudi.

Kutembea haraka, kukimbia, kuendesha baiskeli na kupiga kasia huimarisha moyo na kusaidia kushusha shinikizo la damu. Kunyanyua vizito hujenga misuli na mifupa. Misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari inayoingia katika damu baada ya mlo, hivyo mazoezi hayo yana nafasi muhimu katika kudhibiti kisukari.

Aina moja haichukui nafasi ya nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya moyo na mapafu kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, na kuongeza mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Anayekimbia kila asubuhi bila kuimarisha misuli ametimiza sehemu tu ya mwongozo huo. Vivyo hivyo, kubeba mizigo kila siku hulemea bega lilelile na mgongo uleule. Huo ni uchovu wa kazi, si mazoezi kamili.

Mwezi Desemba 2016, Mhe. Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi. Siku hiyo ni mwanzo mzuri, lakini dakika 150 ni za kila wiki, sawa na nusu saa kwa siku 5.

Vifaa si kikwazo. Dumu la lita 5 likijazwa maji lina uzito wa takriban kilo 5. Anayelinyanyua asibane pumzi, kwani kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Mwenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya moyo apate kwanza ushauri katika kituo cha kutolea huduma za afya. Wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku 3 kwa wiki ili kujikinga na kuanguka. Kuinuka kitini mara kadhaa bila kujishika ni mojawapo.