Aljebra Ilitoka Wapi?



Kuna vijana wetu wanaosema ati hesabu za x na y ni mambo ya wazungu, hazina faida katika dini. Hebu tulia kidogo nikueleze. Neno "aljebra" lenyewe ni Kiarabu: al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika, kama mfupa unavyoungwa.

Aliyeandika kitabu kilichotoa jina hilo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baytul Hikma mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Yeye hakutumia x. Kile kisichojulikana alikiita "shay", yaani kitu, na kazi yote aliieleza kwa maneno.

Chukua swali lake hili: kitu ukikizidisha kwa nafsi yake, kisha uongeze 21, unapata mara 10 ya kitu hicho. Ni kipi? Akafundisha: nusu ya 10 ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, 25. Toa 21, inabaki 4. Kipeo chake cha pili ni 2. Sasa 5 toa 2 ni 3, na 5 ongeza 2 ni 7. Majawabu ni mawili, na yote yanakubali. Jaribu mwenyewe.

Hakuishia hapo. Alisema ile 25 ikiwa sawa na namba uliyopewa, jawabu ni moja tu, ile nusu. Na ikiwa ndogo kuliko hiyo namba, swali haliwezekani. Weka 30 mahali pa 21 uone: utatoaje 30 kwenye 25? Kwa hiyo kabla hujahangaika usiku kucha, unajua kama jawabu lipo au halipo. Hata leo darasani tunapima hivyo hivyo.

Na faida katika dini? Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni wasia na mirathi! Mfano: mama amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Mali ni shilingi 400,000. Mume ana robo, 100,000. Fungu la binti liite "kitu". Kijana ana vitu viwili, mabinti vitatu, jumla vitano, navyo ni sawa na 300,000. Basi kila binti ana 60,000 na kijana 120,000. Hakuna wa kudhulumiwa.

Mwaka 1145 Robert of Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na Ulaya ikasoma. Hata neno "algoriti" la kwenye kompyuta limetokana na jina la al-Khwarizmi.

Ndugu yangu, wangapi mtaani kwetu wamekosa haki zao, hasa dada zetu, kwa sababu hakuna aliyejua kupiga hesabu? Wewe uliyesoma hisabati, nenda ukae na sheikh wako akufundishe mirathi, Surat An-Nisaa aya ya 11 na 12. Elimu hiyo ni amana.

Wabillahi tawfiq.