Mzazi na Mtihani: Historia Fupi ya Wazazi wa Uganda na Masomo ya Sekondari



Kila mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, vijana wa kidato cha nne nchini Uganda huanza mtihani wa Cheti cha Elimu cha Uganda, ambao sote tunauita UCE. Mtahiniwa huketi peke yake, mbele yake karatasi na kalamu. Hata hivyo, nyuma ya kila mtahiniwa yupo mtu aliyeuza kahawa, aliyekopa katika chama cha akiba, au aliyeamka alfajiri kumpikia uji kabla hajaondoka nyumbani.

Swali ambalo wazazi hutuuliza sisi walimu mara kwa mara ni hili: "Mwalimu, mimi sikumaliza hata darasa la saba. Fizikia siijui, kemia siijui. Nitamsaidiaje mwanangu?" Nawe, mwanafunzi, pengine umewahi kudhani kwamba mzazi wako hana la kukusaidia isipokuwa karo. Leo nakualika tuitafute jibu la swali hilo katika historia, kwa kuwa wazazi wa Uganda wamelijibu kwa njia mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mtihani uliosafiri kwa meli

Shule za kwanza za bweni nchini zilianzishwa na wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza kwa wasichana mwaka 1905, na King's College Budo mwaka 1906. Katika miaka hiyo, waliosoma humo walikuwa hasa watoto wa machifu na wa watu wenye vyeo. Kazi ya mzazi ilikuwa kumtoa mtoto na kumkabidhi kwa walimu. Yaliyofundishwa darasani hayakumhusu, na hakuna aliyemwomba maoni.

Baadaye shule za sekondari zilipokua, wanafunzi walianza kufanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, yakaletwa hapa. Majibu yakafungwa na kurudishwa Uingereza kusahihishwa. Familia ilisubiri miezi kadhaa kabla ya kupata matokeo. Mzazi asiyejua Kiingereza hakuweza kulisoma hata swali moja katika karatasi ambayo ingeamua kama mtoto wake angekuwa karani, mwalimu au mwanafunzi wa Makerere. Hapo ndipo lilipoota wazo ambalo bado linatusumbua: kwamba mtihani ni jambo la shule peke yake, na mzazi ni mtu wa kusubiri nje ya lango.

Pamba, kahawa na karo

Usidhani, lakini, kwamba wazazi walikaa kimya. Kilimo cha pamba, na baadaye kahawa, kiliwapa wakulima wa kawaida fedha za kulipia karo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyama vya ushirika vilikua katika sehemu nyingi za nchi, na baadhi yake vilitoa misaada ya masomo kwa watoto wa wanachama. Wako wazee wengi waliosoma kwa njia hiyo, na wakikusimulia maisha yao hawasahau kutaja gunia la kahawa.

Jambo la kulitazama hapa ni ratiba. Karo ililipwa mavuno yakiuzwa, na mavuno yalitegemea mikono ya familia nzima. Mtoto aliyekuwa shuleni alikuwa jozi moja ya mikono iliyopungua shambani. Mzazi aliyemruhusu kijana wa miaka kumi na sita kuketi na kitabu wakati wa palizi alikuwa anatoa karo mara mbili: ya kwanza kwa fedha, ya pili kwa jasho lake mwenyewe. Na palipokuwa na uhaba, mara nyingi binti ndiye aliyerudishwa nyumbani ili kaka yake aendelee. Deni hilo historia yetu haijalilipa lote.

Mitihani yarudi nyumbani

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka 1967 Uganda, Kenya na Tanzania ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ili vijana wetu wapimwe na watu wa kwetu. Ushirikiano huo haukudumu. Tanzania ilijitoa na kuanzisha baraza lake mwaka 1973, Kenya ikafanya hivyo mwaka 1980, na Uganda ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa, yaani UNEB, kwa sheria ya mwaka 1983.

Katika miaka hiyohiyo, nchi ilipita katika moto. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971 na kuondolewa Aprili 1979; vita na misukosuko viliendelea hadi Januari 1986. Uchumi ulianguka, na mshahara wa mwalimu wa serikali haukuweza kumlisha mwalimu mwenyewe, sembuse familia yake. Shule ziliponea wapi? Ziliponea mikononi mwa wazazi. Vyama vya wazazi na walimu, ambavyo awali vilikuwa vya mikutano na mashauri, vilianza kuchanga fedha za kuongeza mishahara, kununua chaki na kujenga madarasa. Katika shule nyingi za sekondari, sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wazazi, si na serikali.

Ndugu msomaji, hiki ni kisa cha uraia cha kujivunia. Dola ilipolegea, wananchi waliishikilia shule. Hata hivyo, kisa hicho kilikuwa na upande wa pili: michango ilipozidi, maskini alisukumwa nje. Aliyeweza kuchanga alipata kiti. Asiyeweza alimtazama mwanawe akirudi na barua ya kudai fedha.

Haki na wajibu

Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 30, inasema kwamba watu wote wana haki ya kupata elimu. Ibara ya 34 inaongeza kwamba elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la Serikali na la wazazi wake. Yasome maneno hayo mawili pamoja: Serikali na wazazi. Mwaka 1997 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 2007 ukafuata ule wa sekondari. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaorodhesha wajibu wa mzazi: kumwandikisha mtoto, kumpa mwongozo na malezi, chakula, mavazi, makazi na matibabu, na kushiriki katika kudumisha nidhamu yake.

Katika orodha hiyo hakuna mahali panapomtaka mzazi ajue fizikia. Sheria inamtaka afanye yale ambayo mwalimu hawezi kuyafanya. Kijana mwenye njaa hasikii somo la saa nane mchana, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Mtaala mpya, kazi mpya

Mwaka 2020 ulianza mtaala mpya wa vidato vinne vya kwanza, na kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya UCE mwaka 2024. Tofauti yake kubwa inamhusu mzazi moja kwa moja. Zamani, kila kitu kiliamuliwa na karatasi za mwisho. Siku hizi asilimia 80 ya alama hutokana na mtihani wa mwisho, na asilimia 20 hutokana na kazi ambazo mwanafunzi huzifanya shuleni kabla ya mtihani. Kijana anayekosa shule kwa wiki tatu kwa sababu ya karo au mavuno hapotezi tu masomo, bali huenda akapoteza alama ambazo hazitarudi. Mzazi aliyezoea kusema "atakazana mwezi wa mwisho" anaongozwa na ramani ya nchi ambayo haipo tena.

Mtaala huohuo umefanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Hapa nawe una hadithi yako. Wazazi na mababu wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, katika vizuizi vya barabarani, nyakati za hofu. Mzazi wa namna hiyo akikunja uso unapofungua kitabu cha Kiswahili, usimdharau. Muulize alikisikia wapi, umsikilize, kisha umfundishe salamu moja. Mtoto anayemfundisha mzazi hujifunza mara mbili, na lugha iliyotisha nyumba huanza kukaribishwa ndani yake.

Historia inatuambia nini?

Tukiyakusanya haya yote, twaona kwamba msaada wa mzazi haujawahi kuwa kitu kimoja. Kwanza ulikuwa kumtoa mtoto, kisha karo, kisha kuilinda shule isife. Leo yako mambo manne ambayo mzazi yeyote, msomi au asiye msomi, aweza kuyafanya.

La kwanza ni muda. Kazi za nyumbani hazikwishi, lakini zinaweza kugawanywa. Binti anayepika, kuchota maji na kulea wadogo zake hadi saa nne usiku hawezi kushindana kwa haki na kaka yake aliyeanza kusoma saa moja. Mzazi aangalie mgawanyo huo kabla ya kuangalia ripoti.

La pili ni uhakika wa usajili. Mzazi na mtahiniwa wathibitishe mapema kwamba jina limeandikishwa UNEB, limeandikwa sawasawa, na masomo ni yale aliyoyachagua. Wapo vijana waliogundua siku ya mtihani kwamba fedha zilitolewa lakini jina halikufika. Kuuliza si kumkosea heshima mkuu wa shule. Ni haki ya mlipaji.

La tatu ni ukweli. Baadhi ya wazazi wamewahi kuchanga fedha ili watoto wapate maswali ya wizi. Matokeo yanaweza kuzuiwa au kufutwa, na sheria huadhibu. Zaidi ya hayo, kijana amefundishwa na mzazi wake mwenyewe kwamba hawezi. Ni somo gumu kulifuta.

La nne ni neno. Siku ya kutembelewa bwenini, wazazi hufika na chapati, kuku na matooke, wakauliza mara moja: "Umekuwa wa ngapi?" Jaribu kuwaza kama swali la kwanza lingekuwa: "Unalala vizuri? Somo gani linakuelemea?" Alama zingeweza kuzungumzwa baada ya chakula. Kijana asiyeogopa kusema kwamba hajaelewa hesabu mwezi wa Machi ana miezi saba ya kuelewa. Anayeogopa huficha hadi Oktoba.

Nawe mwanafunzi, wajibu hauko upande mmoja. Mzazi hawezi kusaidia katika jambo asilolijua. Mpelekee ripoti mwenyewe, mweleze alama zina maana gani, mwambie mapema tarehe za mitihani na mahitaji yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Karatasi ya mtihani itakuwa na jina lako peke yako, lakini siku utakayoisoma ripoti hiyo kwa sauti mbele ya baba au mama asiyejua kusoma, mtakuwa wawili mnaojiandaa.

Maswali ya kutafakari

1. Muulize mzee mmoja wa familia yako: nani alilipa karo yake, na kwa mazao au kazi gani? Andika aya moja ya Kiswahili.
2. Katiba yasema elimu ya msingi ni jukumu la Serikali na wazazi. Katika shule yako, ni gharama zipi zabebwa na nani?
3. Je, kazi za nyumbani kwenu zimegawanywa kwa haki kati ya wavulana na wasichana wanaojiandaa kwa mtihani? Toa mfano.