Nani Amlipe Mlezi? Posho ya Ulemavu Kutoka Diwani ya Sayyidna Umar Hadi Mpaka wa Busia



Wazazi wapendwa, baada ya darsa za jioni kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huulizwa na akina mama. Je, mzazi mwenye ulemavu, au mzazi aliyeruzukiwa mtoto mwenye ulemavu, ana haki ya kupewa pesa za kumlipa mtu amsaidie kulea? Wengine huuliza kwa haya, kana kwamba wanaomba sadaka mlangoni. Naona tukiitazama historia yake, haya hiyo itapungua, kwa sababu jambo lenyewe ni la kale sana.

Tuanze na Madina. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la watu na mafungu yao kutoka Baitul-Mali, mtoto mchanga hakuandikwa mpaka aachishwe kunyonya. Wapokezi wa historia wamesimulia kwamba usiku mmoja, akiwalinda wasafiri waliopiga kambi nje ya mji, alisikia mtoto akilia mfululizo. Alimwendea mama yake zaidi ya mara moja akimsihi amtulize. Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akamwambia kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi mtoto fungu lake mpaka aachishwe. Kulipokucha Khalifa alitangaza kwamba kila mtoto ataandikwa tangu anapozaliwa, akapanga dirham 100 kwa mtoto.

Angalieni hapo wazazi wenzangu. Kanuni iliyoandikwa kwa nia njema ilikuwa inawaumiza watoto, na aliyeigundua kasoro ile alikuwa mama aliyekuwa anafanya hesabu ya nyumba yake.

Upande wa walemavu, jina linalotajwa zaidi ni la Al-Walid bin Abdulmalik, Khalifa wa Bani Umayya aliyetawala Damascus kati ya mwaka 705 na 715. At-Tabari na wengineo wameeleza kwamba aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe barabarani, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, anapokewa kuwa aliagiza walemavu wa Sham waandikwe majina yao ili wapewe wasaidizi. Sisemi kwamba kila kipofu wa dola ile alimpata kiongozi wake. Dola ilikuwa kubwa, na watawala wale walikuwa na mambo mengine mengi ambayo hatuwezi kuyasifu. Ninachotaka tukione ni ile fikra. Mlemavu hakupewa chakula peke yake. Alipewa mtu, na mshahara wa mtu yule ulitoka hazina.

Fikra hiyo ilipotea njiani. Ilipofika zama za wakoloni huku kwetu, hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Mwaka 1902 Waingereza waliikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakaliunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuwa Kenya, na hapo ndipo Wasamia na Wateso walipojikuta wamegawanywa na mstari. Serikali za pande zote mbili zilikusanya kodi, lakini mgonjwa wa nyumbani aliachiwa nyumba yake. Baadaye vikaja vyama: Kenya Society for the Blind mwaka 1956, na Association for the Physically Disabled of Kenya mwaka 1958. Vilitoa fimbo, magongo, mafunzo ya ufundi. Kumlipa mlezi hakukuwa katika hesabu, kwa sababu ilichukuliwa kwamba mlezi yupo tu: mama, shangazi, nyanya, au mtoto wa kike aliyetolewa shule.

Hata neno lenyewe lina habari zake. Zamani tulisema "kiwete" na "kilema", tukamweka binadamu katika ngeli ya vitu. Kisha tukasema "mlemavu", na siku hizi "mtu mwenye ulemavu". Na yule anayelea mtoto kwa mshahara tunamwita "yaya", neno lililotufikia kutoka India, ambako Waingereza walilitumia kwa wanawake waliolea watoto wao. Kwa hiyo yaya wa kulipwa alijulikana hapa tangu ukoloni. Alikuwa nyumbani kwa Bwana DC.

Sasa tuje Busia, mji ambao unajulikana duniani kwa neno bodaboda, lililotokana na waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka tangu miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na miaka ile ya Idi Amin uhaba wa bidhaa Uganda na bei ya kahawa vilifanya magendo kuwa kazi ya kila siku. Humo ndimo walemavu walipojipatia riziki yao. Wengi walikuwa wameugua polio utotoni. Walitumia baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, zenye nafasi ya mzigo chini na nyuma ya kiti. Maofisa wa forodha kwa kawaida waliwaachia wapite na mizigo yao bila kuwasumbua sana. Huruma ile haikuwa sheria, ilikuwa desturi, lakini ilizaa biashara nzima: mwenye duka mzima wa mwili alimtafuta mlemavu amvushie sukari, unga, sabuni, mafuta ya kupikia. Na si Busia pekee. Kwenye mto kati ya Kinshasa na Brazzaville walemavu walipunguziwa nauli ya kivuko, nao wakawa wafanyabiashara wakubwa wa pale.

Mimi husema kwamba ile ndiyo iliyokuwa posho ya ulemavu ya Busia. Haikuandikwa popote, haikutoka Nairobi wala Kampala, lakini ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Kasoro yake ni kwamba baiskeli ile, ikijaa mzigo, haipandi mlima kwa mikono ya mtu mmoja. Inahitaji msukumaji. Mwenye uwezo humlipa kijana. Asiye na uwezo humchukua mwanawe. Sisi walimu tunawafahamu watoto hao kwa nafasi zao zilizo wazi kwenye mkeka siku ya soko.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulipoanza tarehe 1 Januari 2005, ushuru wa bidhaa nyingi za ndani ya Afrika Mashariki ulianza kuondolewa. Ni jambo la kheri kwa wafanyabiashara. Lakini ushuru ukipungua, na ile faida ya kuachiwa ushuru inapungua. Februari 2018 Rais Museveni na Rais Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu, na malori yakaanza kupita kwa kasi. Posho ya desturi ikazidi kunyauka. Swali likarudi serikalini.

Kabla ya kuitazama serikali yetu, neno moja kuhusu Uingereza, kwa kuwa tunadhani kule mambo yalikuwa tayari tangu zamani. Posho ya mlemavu anayehitaji kuhudumiwa na mtu ilianza huko mwaka 1971. Posho ya yule anayehudumia ilianza 1976, lakini mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe hakuruhusiwa kuipata, kwa hoja kwamba angekuwa nyumbani hata hivyo! Ilibidi mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, afike mahakama ya Ulaya. Alishinda mwaka 1986. Hoja ya kwamba mwanamke "yuko nyumbani tu" haikuanzia katika vijiji vyetu.

Uganda ilitangulia katika siasa. Katiba ya 1995 inawataja watu wenye ulemavu, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliwapa viti katika mabaraza. Kwa hiyo Tororo na Busia, ambayo ilikuwa sehemu ya Tororo mpaka ikawa wilaya mwaka huo huo wa 1997, zina madiwani wenye ulemavu. Kwa upande wa pesa, fungu maalum la walemavu lilianza mwaka wa fedha 2009/2010, na hupewa kikundi ili kifanye mradi: kuku, mbuzi, duka. Ni zuri kwa mwenye nguvu za kufuga. Mama wa mtoto asiyeweza kukaa wala kujilisha hawezi kumwacha akaende mkutano wa kikundi. Palikuwa pia na ruzuku ya majaribio kwa familia dhaifu katika mpango wa SAGE, lakini ilisimamishwa, ikabaki ile ya wazee.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Sheria ya 2003 iliunda Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Mei 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya mahali pake. Mwaka wa fedha 2010/2011 ukaanza mpango wa pesa kwa wenye ulemavu mkubwa, kaya 10 tu kwa kila jimbo katika majimbo 210 ya wakati ule. Kufikia 2016 zilikuwa kaya zipatazo 47,000. Sharti lake ndilo linalonivutia: anayeandikwa awe ni mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote, na mlezi wake huandikwa pamoja naye na kuzipokea pesa kwa niaba yake. Baada ya miaka mingi mlezi ameingia tena katika daftari la serikali.

Lakini daftari hili lina mpaka. Ndugu wawili wa Kisamia, mmoja ameolewa Busia ya Kenya na mwingine Busia ya Uganda, wanaweza kuwa na watoto wenye ugonjwa ule ule. Wa Kenya, akiwa na kitambulisho, cheti cha hospitali ya serikali na bahati ya kufikiwa na orodha, anaweza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Wa Uganda ataambiwa ajiunge na kikundi.

Na hizo 2,000 ni kama shilingi 66 kwa siku. Zinatakiwa zimlishe mtoto, zinunue nepi na sabuni, na ndipo zimlipe yule atakayebaki naye mama akienda sokoni.