Samaki wanakufa na maji ni masafi? Ishu hii ilianza zamani

Wadau, unaamka asubuhi unakuta samaki wawili wanaelea. Maji yanang'aa, chakula uliwapa, hata kidonda hawana. Hapo wengine washaanza kukwambia una gundu. Pole, ila hili swali lina umri mrefu.

Mwaka 1846 Anna Thynne, mwanamama wa London, alichukua matumbawe hai kule Torquay, pwani ya Uingereza, akayafuga nyumbani. Ili yasife, dada wa kazi alikuwa akiyamimina maji toka chombo kimoja hadi kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila mara. Dada huyo hatajwi jina, lakini mikono yake ndiyo iliyokuwa pampu ya hewa.

Miaka ya 1850 tenki la samaki likawa fasheni Uingereza. Sebule nyingi zikaishia na maji yanayonuka na samaki waliokufa, watu wakachoka.

Kumbe hewa peke yake haitoshi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu usiyoiona kwa macho. Karibu na 1890 ndipo Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wanaoibadilisha. Kwenye tenki jipya hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka.

Kwa hiyo wakianza kufa, usimwage maji yote, wala usioshe chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua bakteria wako. Pima amonia, badilisha sehemu ya maji, punguza chakula. Gundu halimo humo.