Bunduki Chini, Randa Mkononi

Leo tunakupeleka Gisozi, wilaya ya Gasabo, ndani ya jiji la Kigali.

Ukifika Gisozi utakuta mahali pawili pasipo mbali. Pa kwanza ni Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari, uliofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Hapo watu husema kwa sauti ya chini. Pa pili ni Agakiriro, soko la mafundi: mbao zimepangwa hadi juu, misumeno inalia, anayechomelea vyuma anarusha cheche, na maranda yanakufuata hadi nyumbani kwenye viatu. Mafundi hao zamani walikuwa katikati ya mji, mahali palipoitwa Gakinjiro. Sikio la Mswahili husikia humo neno kuchinja. Walipohamishiwa Gisozi, jina jipya likatokana na gukira, na kwa Kinyarwanda neno hilo moja lina maana mbili: kupona na kutajirika.

Shika maana hizo mbili, kwa sababu leo tunazungumzia askari anayeiweka bunduki chini, na swali ambalo kila askari huuliza hata kama halitamki: nikiacha jeshi, nitakula nini? Nitasoma wapi? Nani atanipa kazi mimi ambaye tangu ujana nimejifunza kulenga tu?

Turudi nyuma kidogo. Vita vilipoanza tarehe 1 Oktoba 1990, jeshi la serikali ya Rwanda lilikuwa dogo, watu elfu chache tu. Baada ya muda mfupi likavuka 30,000. Vijana walioingizwa kwa haraka hivyo hawakuwa na shamba la maana wala ufundi. Kwao jeshi lilikuwa mshahara, bia, na heshima ya kuitwa mwanamume kijijini. Kisha serikali na waasi wakaanza kuzungumza amani, na kambini zikaenea habari kwamba wengi watarudishwa nyumbani mikono mitupu. Mwishoni mwa Mei 1992 askari wa Gisenyi na Ruhengeri wakaasi. Walipora maduka na kuua raia. Raia hao hawakuwa wameandika mkataba wowote.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Soma hesabu yake polepole. Jeshi jipya la pamoja lingekuwa na watu 13,000, na jandarmeri 6,000. Jumla 19,000. Asilimia 60 wangetoka upande wa serikali na 40 upande wa RPF; maafisa nusu kwa nusu. Sasa chukua askari wa serikali zaidi ya 30,000, ongeza wapiganaji wa RPF, halafu toa 19,000. Makumi ya maelfu ya wanaume wenye silaha waliona kwenye karatasi ile kwamba hawana nafasi. Waliahidiwa posho na mafunzo, lakini fedha za ahadi hiyo zilikuwa bado mikononi mwa wafadhili.

Tusielewane vibaya hapa. Hofu ya kukosa kazi haikuyazaa mauaji ya kimbari ya 1994. Yalipangwa na watu waliokuwa na kazi nzuri, magari na nyumba, na waliozikwa pale Gisozi hawakufa kwa sababu mtu fulani alinyimwa posho. Ila wapangaji walijua kuitumia hofu ile. Mtu anayeamini kwamba amani itamfanya ombaomba ni rahisi kumshawishi kuikataa.

Baada ya 1994 nchi ilikuwa na jeshi kubwa, hazina tupu, na watoto ndani ya sare. Tuliite jina lao, maana ni neno letu la Kiswahili: kadogo. Lilitumika katika jeshi la msituni la Uganda miaka ya 1980, likavuka mpaka na RPF, na mwaka 1996 likaingia Kongo. Linatamkwa kwa upendo, na ndiyo maana linatisha. Kiswahili kilipata sifa ya kuwa lugha ya kambi kwa maneno kama hayo na afande. Mwaka 1995 shule ya makadogo ilifunguliwa Butare, mahali ambapo zamani walifundishwa maafisa wadogo wa jeshi. Watoto waliokuwa wakiitikia amri wakarudi kwenye daftari. Wazia mwalimu mbele ya darasa hilo, mwanafunzi wa miaka 14 amekwisha kuona aliyoyaona, naye anafundishwa sehemu na desimali.

Januari 1997 ikaundwa Tume ya Rwanda ya kuwaondoa askari jeshini na kuwarudisha katika maisha ya raia. Awamu ya kwanza, hadi 2001, iliwaondoa askari 18,692, na zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa watoto. Awamu ya pili ilianza 2002 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na hii ilikuwa na jambo jipya: ilichukua askari wa jeshi lililopo, askari wa jeshi la zamani lililoshindwa, na wapiganaji waliotoka misitu ya Kongo. Waliokuwa wakiwindana walipanga foleni moja. Kwa miaka yote, waliopita mikononi mwa tume ni zaidi ya watu 60,000.

Alipata nini mtu huyo? Hapa msikilizaji wa Kivu hutega sikio, nasi hatutaki kukupaka asali mdomoni. Katika awamu ile ya pili, aliyeondoka alipewa faranga 50,000 za kuanzia, kiasi cha dola 100 kwa wakati ule. Baada ya miezi kadhaa, kwa mpango wa kazi, ulikuja msaada wa faranga 120,000: wa kununulia vifaa, kuku, mbuzi, au kuchangia mtaji wa ushirika. Askari wa jeshi la serikali walipata pia posho ya utumishi kwa kufuata cheo. Aliyetoka msituni hakuipata. Waliojeruhiwa walipimwa na madaktari na kuwekwa katika madaraja, na sheria ya mwaka 2007 ikawapa haki ya matibabu na ulinzi. Watoto hawakupewa fedha taslimu. Walitenganishwa na wakubwa, wakatafutiwa jamaa zao, wakapelekwa shule au kwenye ufundi.

Si fedha nyingi. Faranga 120,000 hazijengi nyumba. Ila zilinunua seti ya randa, patasi na msumeno, na useremala ulikuwa mmoja wa ufundi waliofundishwa.

Kwa wanaotoka Kongo, njia hupita kambi ya Mutobo, karibu na Musanze, chini ya milima ya volkano. Mtu anavuka mpaka, anaandikwa jina, anakaa kambini kwa wiki kadhaa au miezi. Anafundishwa historia ya nchi, sheria, afya, jinsi ya kufungua akaunti, jinsi ya kuanzisha ushirika. Wengine walikuwa hawajawahi kushika kitambulisho chochote. Kuna wanaoyakosoa mafunzo hayo, wakisema historia inafundishwa kwa sauti moja tu na maswali magumu hayapewi nafasi. Ukosoaji huo una uzito. Lakini aliyekaa miaka kumi msituni akiambiwa kwamba atauawa mara tu akikanyaga Rwanda, somo la kwanza alilolipata Mutobo lilikuwa kuamka asubuhi yu hai.

Mfano unaojulikana ni wa Paul Rwarakabije. Alikuwa kamanda mkuu wa wapiganaji wa FDLR, na kabla ya hapo afisa wa vikosi vya serikali iliyoangushwa. Novemba 2003 alivuka mpaka akarudi. Baadaye akawa kamishna katika tume ileile inayowapokea wapiganaji, na mwaka 2011 akawekwa kuongoza idara ya magereza. Habari hiyo ilisafiri msituni haraka kuliko vijikaratasi vinavyodondoshwa kutoka angani. Ni kweli pia kwamba kuruta hapati njia ya jenerali. Kuruta anapata ile randa.

Huenda unauliza, je, nchi nyingine zilifanyaje? Marekani, Juni 1944, kabla hata vita havijaisha, ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari wake, kuwapa mikopo ya nyumba, na dola 20 kwa wiki kwa wasio na kazi, hadi wiki 52. Takriban watu milioni 8 walisoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo. Askari weusi, hasa wa kusini, walizungushwa mlangoni: haki ilikuwa kwenye karatasi, ufunguo ukawa kwa ofisa wa benki mzungu. Huku kwetu Afrika Mashariki jina la Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam, linatoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita wazungu waliopigana waligawiwa mashamba Kenya. Jamaa za wapagazi wengi waliokufa hawakulipwa hata mishahara ya marehemu. Kilichobaki kwao ni jina la soko.

Sasa tugeukie jirani wa Gisozi, maana yeye ndiye anayelala nyumba ya pili. Manusura aliyepoteza watoto wanne anamwona kijana ametoka msituni, ameandikwa, amepewa fedha, amepewa ufundi. Anauliza: na mimi? Mwaka 1998 serikali iliunda mfuko wa kuwasaidia manusura wasiojiweza, FARG, uliolipa ada za shule, matibabu na nyumba kutoka bajeti ya taifa. Wengi walisoma kwa mfuko huo. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hesabu haiponyi: wa kwanza analipwa kwa sababu alibeba silaha, wa pili kwa sababu silaha ilimpitia. Wasimamizi wa mpango hujibu kwamba fedha ile si zawadi bali ni bei ya usalama wa wote. Mimi nakubaliana nao, lakini nisingependa kuwa mtu wa kumweleza hivyo mama yule uso kwa uso.

Yupo pia mke wa mpiganaji. Posho ilimwendea aliyeandikwa kuwa mpiganaji. Aliyepika, aliyebeba risasi kichwani, aliyezalia msituni, aliandikwa kuwa mtegemezi, akarudi na mume ambaye fedha ziko mfukoni mwake.

Na walinzi wa mitaa, waliojulikana kama Local Defence? Hao walikuwa raia, walipewa sare na wengine bunduki, wakalinda usiku bila mshahara. Jijini wakapata sifa mbaya ya kuwafukuza wanawake wanaotembeza ndizi na nyanya. Mtu mwenye bunduki na njaa atakula wapi? Sheria ya mwaka 2013 ikaanzisha chombo kipya cha usalama cha wilaya, DASSO, chenye watumishi wanaolipwa. Baadhi ya walinzi wa zamani waliingia humo, wengine wakarudi nyumbani, tena kimya kimya.

Jioni Agakiriro ya Gisozi hupakia vitanda juu ya malori. Soko hilo limeungua moto zaidi ya mara moja, mbao na rangi hushika upesi, na kila mara mafundi wamefagia majivu na kuanza upya. Ukienda kununua kabati, utakutana na mafundi wa kila umri, na wengine wamefika umri ambao mwaka 1994 walikuwa na miaka 16 au 20. Hawavai alama ya walikotoka. Utaulizwa unataka mbao gani, na utalipa nusu kwanza.