Mfumbiro: Jina la Moto Lililotokea Karagwe

Novemba 1861, msafara wa John Hanning Speke ulipita katika vilima vya Karagwe ukielekea Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, Speke aliona vilele vilivyochongoka hadi mawinguni. Aliambiwa viko Ruanda, akaandika jina alilolisikia: Mfumbiro. Alikadiria kilele kirefu zaidi kinapita futi 10,000, kisha akashika njia ya kaskazini kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye aliviona akiwa Karagwe, naye hakuvifikia.

Leo safu hiyo tunaijua kama Virunga, volkano nane zilizopangana kwenye mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo. Katika Luganda kufumba ni kupika, na jina Mfumbiro limezoeleka kuhusishwa na moto. Lakini Muhavura na Gahinga, vilele vilivyo karibu zaidi na Karagwe, vimepoa. Moto uko kwenye ncha ya magharibi ya safu, katika Nyiragongo na Nyamulagira. Naamini majina mengi ya kutisha hukua namna hii: aliye mbali huona milima yote kama kitu kimoja, na sifa ya mmoja au miwili ikabebeshwa yote.

Wanaoishi chini ya milima hiyo hawaichanganyi. Sabinyo ni meno ya mzee, kwa jinsi kilele chake kilivyomeguka. Muhavura ni mwongozaji, kwa kuwa msafiri huuona kutoka mbali akajua aelekee wapi. Hofu yao wameiweka mahali pake. Katika ibada ya jadi ya Ryangombe, shujaa wa masimulizi aliyeabudiwa kama roho, iliaminika kwamba aliyeingizwa katika siri zake akifa anapata mahali pa raha milimani, na asiyeingizwa anatupwa Nyiragongo akaungue. Imani hiyo ya zamani haikutoka hewani, na mlima huo umeendelea kuunguza. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kwenye shimo la Nyiragongo lilipasua kuta za mlima, na lava ikashuka kwa kasi ya hadi kilomita 60 kwa saa. Watu hawakuwa na muda wa kukimbia. Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji wa Goma, na Mei 2021 ikashuka tena.

Jina lililosikika Karagwe lilifika Ulaya bila maelezo hayo yote. Wanadiplomasia walidhani Mfumbiro ni mlima mmoja. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo la magharibi mwa Ziwa Victoria kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mstari huohuo ndio unaotenganisha Mkoa wa Kagera, Tanzania, na Uganda hadi leo, kuanzia Mto Kagera hadi ziwani. Wakaongeza sharti: Mfumbiro uwe wa Waingereza, na ukionekana uko kusini ya mstari, mpaka uuzunguke. Hakuna Mzungu aliyekuwa amefika kwenye miteremko yake. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, ndiye aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894, na kadiri ramani zilivyotengenezwa ikadhihirika kwamba volkano zote ziko kusini ya mstari na kwamba "mlima" ni safu nzima. Ilibidi Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji wakutane Brussels mwaka 1910 kuigawana upya. Wenyeji waliokuwa na jina la kila kilele hawakuulizwa.

Sabinyo ukawa njia panda ya mipaka mitatu. Ukiupanda kutoka Hifadhi ya Mgahinga, Uganda, unapita ngazi za miti zilizofungwa kwenye miamba yenye utelezi, na kwenye kilele cha tatu nchi tatu zinakutana.

Upande wetu wa Tanzania, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019, na ya pili imebeba jina la Omukama yule aliyempokea Speke. Watembeao kwa miguu wakianza kuja, njia zitahitaji vibao. Kabla fundi hajaandika jina la kuvutia wageni, awepo mtu wa kwenda Bweranyange, Murongo na vijiji vya kando ya Kagera na daftari, akae na wazee wa Kinyambo na kuwauliza kila kilima kinaitwaje, nani alikiita hivyo, na kwa tukio gani.