Kutoka "Usikufuru" Hadi "Amekufuru"

Dau likirudi tupu pwani ya Mkokotoni, kijana akaropoka kwamba bahari hii ya Tumbatu ishalaaniwa, hakosekani mzee wa kumkata: "Usikufuru, mwanangu!" Hamwiti kafiri. Anamwambia aushike ulimi tu, maana juzi kala samaki wa bahari hiyohiyo. Mtoto anayemwaga wali huambiwa vivyo hivyo, na anayeitukana mvua naye pia.

Ndugu msomaji, hapo hasa ndipo lilipo neno. Shina lake la Kiarabu ni kufunika. Mkulima anayefukia mbegu huitwa kwa shina hilo. Katika Kurani, sura ya Al-Hadid, wafasiri wengi huweka "wakulima" pahala ambapo masikio yetu yangesikia "makafiri". Kukufuru, basi, ni kuifunika neema uliyopewa, ukajifanya hukuiona. Kinyume chake ni kushukuru. Kumtukana Mungu ni tawi moja tu, ingawa ndilo lenye makelele.

Biblia ya mwaka 1952, ya Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja chetu, ililishika tawi hilo. Kuhani mkuu anararua mavazi yake na kumkatia Yesu hukumu: amekufuru. Tazama viambishi, wewe unayetaka kuandika. "Usi-" husema na mtu uso kwa uso, angali wetu. "Ame-" humsema kwa wengine, na yeye keshatolewa nje.

Tofauti hiyo si ya darasani. Mei 1988 Sofia Kawawa, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, alikosoa ndoa za wake wengi. Mjini Unguja watu walioona dini imetukanwa wakaandamana. Polisi wakafyatua risasi, wawili wakafa. Na Sofia mwenyewe alikuwa Mwislamu! Leo ukiuliza, watakusimulia risasi. Hoja yake hasa ilikuwa nini, wachache watakwambia.

Ajabu, magazeti ya udaku ya Dar es Salaam yamelifanya neno hilohilo kuwa sifa: jumba la kufuru, harusi ya kufuru, pesa za kufuru. Yaani kitu kimepita kiasi mpaka kinatisha. Mwenye harusi wala hakasiriki. Anauliza picha zimetoka ukurasa wa ngapi.